Tugawane Maswali, Si Majibu

Julai 2024, Mahakama ya Wilaya ya Rungwe, hapa Tukuyu, ilimtia hatiani msanii kijana Shadrack Chaula kwa kosa la mtandao, baada ya video iliyomwonesha akichoma picha ya Rais kusambaa. Miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni 5. Wananchi wakachanga, akatoka. Mwezi uliofuata familia yake ikasema amechukuliwa na watu wasiojulikana.

Tangu hapo, kwa vijana ninaozungumza nao Rungwe, tathmini ya hatari binafsi si mada ya semina tena. Kikundi kimoja kilinionesha lahajedwali lao la pamoja: jina, simu, njia ya kurudia nyumbani, wa kupigiwa asipoonekana, uwezekano wa hatari mara ukubwa wa madhara. Kazi ya akili kabisa. Walitaka jambo dogo tu kwangu: mbona faili linagoma kwenye Android, na kwenye Linux hesabu zinavurugika?

Jibu la kiufundi ni fupi. CSV hufunguka karibu kila mahali, lakini haibebi fomula wala nywila. XLSX na ODS hubeba vyote viwili, ila si kila programu ya simu hufungua faili lenye nywila; basi mwenye haraka huiondoa "kwa muda". Muda huo huwa hauishi.

Kilichonitisha mimi ni kingine. Simu kumi na moja, kila moja na nakala kamili. Anayewawinda akiipata moja, upelelezi umekwisha. Wamemwandalia orodha, tena kwa mpangilio wa alfabeti.

Nilishauri wagawane kiolezo kitupu: ninalinda nini, dhidi ya nani, akifaulu nini kitafuata. Kila mmoja ajaze chake, abaki nacho, hata kwenye karatasi. Kiolezo kitupu hakidai nywila, kwa hiyo CSV inatosha na ugomvi wa mifumo endeshi unakwisha.

Binti mmoja akapinga: nikitoweka usiku, karatasi yangu itamsaidia nani? Hoja nzito. Basi kila mtu awe na mmoja anayemwamini, anayejua saa ya kurudi kwake na wakili wa kupigiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini haitafika usiku huo.

Walifuta nakala zao papo hapo, simu kumi. Ya kumi na moja ilikuwa imeibwa stendi wiki mbili kabla.