Hesabu ya haibridi ianzie kwenye betri

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na wenye magari Dar es Salaam hurudi kwenye hesabu zao. Siku hizi wengi wanafikia jibu moja: IST ya zamani iuzwe, iagizwe haibridi kutoka Japani, mara nyingi Toyota Aqua. Naunga mkono uamuzi huo kwa anayeendesha mjini kila siku. Lakini nina sharti ambalo madalali wengi hawapendi kuligusa: mnunuzi aitengee betri fedha yake siku ileile anayopanga bei ya gari. Asipofanya hivyo, anachokiita nafuu ya mafuta ni deni ambalo halijaiva.

Nafuu yenyewe ni ya kweli, na chanzo chake ni foleni. Gari la kawaida linaposimama Ubungo au kujikokota kuelekea Mbagala, injini inaunguruma na petroli inateketea bure. Haibridi huzima injini ikisimama, hujivuta kwa mota ya umeme ikiwa mwendo ni mdogo, na kila dereva anapokanyaga breki, mota hiyohiyo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Aqua ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2011, kipimo cha Kijapani kiliipa kilomita 35.4 kwa lita. Asitokee mtu wa kukuuzia gari kwa namba hiyo, maana ilipatikana maabara, si Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni. Tuchukue makadirio ya unyenyekevu: gari la zamani linakwenda kilomita 10 kwa lita mjini, haibridi 18, na lita moja ni shilingi 3,000. Anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka ataokoa lita 533 hivi, yaani kama shilingi milioni 1.6. Anayetembea kilomita 5,000 ataokoa takriban 670,000 tu, na huyo nadhani abaki na gari lake alitunze. Vilevile anayeishi barabarani kati ya Dar na Dodoma asitarajie makubwa: kwenye mwendo mrefu usiobadilika breki haziguswi sana, na injini ndiyo inayobeba kazi.

Sasa betri. Ya Aqua ya toleo la kwanza imelala chini ya kiti cha nyuma: vipande 20 vya nikeli, kila kimoja volti 7.2, vimeungwa mfululizo kufikia volti 144. Kwa kuwa vimeungwa hivyo, kipande kimoja kikichoka huvuta vyote chini, na taa ya hitilafu huwaka kwenye dashibodi. Adui wake mkubwa ni joto. Betri hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Tundu hilo ni dogo na halivutii macho, kwa hiyo watu hulirundikia mabegi, na vumbi la barabara zetu huliziba taratibu. Anayekagua gari aanzie hapo kabla ya kuvutiwa na rangi. Kisha adai lipimwe kwa kompyuta na aone volti za betri sehemu kwa sehemu. Zikipishana sana, bei ishuke kwa gharama ya betri au biashara ife.

Wapo wanaosema mafundi wetu hawaiwezi haibridi. Hoja hii ina uzito unaopungua kila mwaka, lakini haijaisha. Kebo za rangi ya chungwa zinabeba umeme unaoua. Fundi anayetaka kuzigusa bila kuvaa glavu maalumu na kuchomoa kwanza plagi ya usalama ya betri, mnyang'anye funguo. Kwa upande mwingine, gari hili halina starta wala altaneta ya kawaida, na pedi zake za breki hudumu zaidi kwa sababu mota hufanya sehemu ya kazi yao. Mfuko unaoogopa betri uyahesabu na haya.

Hoja nzito zaidi ni ya gesi asilia. Kilo ya gesi inauzwa takriban nusu ya bei ya lita ya petroli, na mtungi unaweza kufungwa kwenye IST hiyohiyo bila kuagiza chochote. Kwa dereva wa teksi anayezunguka Dar kutwa, nakubali, gesi inashinda. Kwa familia, mtungi unakula buti, foleni za vituoni zinakula muda, na safari ya mkoani inarudi kwenye petroli.

Kinachobaki ni cha serikali. Gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na haibridi nyingi za bei ya chini zimeshavuka umri huo. Ikiwa uchakavu unalipiwa, basi nao upimwe. TBS, wanaosimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika, wahakikishe kila haibridi inayoshuka bandarini inapimwa betri kwa kompyuta, na majibu yaandikwe kwenye cheti ambacho mnunuzi anakabidhiwa kabla hajatoa hata senti.