Daftari la Wiki: Picha Zilizozaliwa na Vikwazo

Kinshasa si mji rahisi kwa mwenye kamera. Ukiinyanyua barabarani utaulizwa umetumwa na nani, na huenda ukaondoka bila picha. Kiripi Katembo, mzaliwa wa Goma wa mwaka 1979, aliijua hali hiyo vizuri, akaamua kuinamisha lenzi chini. Mvua ikinyesha pale, maji hukosa njia na kubaki kwenye madimbwi mitaani. Katembo alipiga picha za wapita njia walivyoakisiwa kwenye maji ya madimbwi hayo, bila kuelekeza kamera usoni mwa mtu. Kisha akazigeuza picha juu chini.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Watu wanasimama wima tena, majengo yanarudi mahali pake, lakini mawe na takataka zilizokuwa zikichungulia kwenye maji sasa zinaelea angani juu ya vichwa vya watu. Mama anatembea na mzigo wake chini ya mbingu iliyojaa vifusi. Mfululizo huo aliuita Un regard, na nimekuwa nikiurudia wiki nzima. Hakuna ujanja wa kompyuta unaohitajika kuueleza: maji, mwanga, na uamuzi wa kugeuza karatasi. Swali la mji usiokuwa na mifereji linaulizwa bila kuandikwa neno hata moja.

Mwaka 2015 kazi zake zilikuwa ukutani Paris, kwenye maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier. Mwezi Agosti mwaka huo huo alifariki Kinshasa kwa malaria, akiwa na miaka 36. Maji yaliyotuama yalimpa picha zake, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Sijui kuisoma habari hiyo bila kuumia.

* * *

Waliowahi kufanya kazi studio zama za filamu wanakumbuka tabu hii: mteja anataka picha yake kesho, na filamu haijaisha. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu. Nafasi zilizobaki mwishoni mwa filamu hakuzitupa. Usiku, wateja wakishaondoka, alivaa suruali pana na miwani ya jua, akajipiga picha mwenyewe, na baadhi yake akamtumia bibi yake Nigeria aone kuwa mjukuu ni mzima. Mwaka 2008, mtu huyo huyo alitoa mfululizo wa African Spirits, akiwa amevaa sura za Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Malcolm X na Angela Davis, mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyejizoeza kwa mabaki ya filamu hapotezi pozi.

* * *

Anayeshona nguo anajua kazi ya kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono wa bega: ukikosea kidogo, jicho la mteja linakwenda pale pale. Sasa fikiria kuyalinganisha maua ya gauni na maua ya ukuta mzima uliofunikwa kwa kitambaa kile kile, huku mtu akiwa hai katikati, anapumua. Hiyo ndiyo kazi ya Thandiwe Muriu wa Nairobi katika mfululizo wake wa Camo. Alijifunza kamera mwenyewe tangu akiwa na miaka 14, akaingia kwenye picha za matangazo ya biashara, na nidhamu ya kule inaonekana. Kivuli kimoja kikianguka vibaya nyuma ya bega, mwili utajitenga na ukuta na picha itavunjika.

Kinachobaki kuonekana ni uso, mikono, na nywele zilizosukwa kwa mitindo ya zamani iliyopewa umbo jipya. Machoni kuna miwani iliyoundwa kwa vitu vya kila siku, vile vya nyumbani tunavyovitumia bila kuvitazama. Kila picha huambatana na methali ya Kiafrika. Wapo wanaoziona picha hizi kuwa pambo la sebuleni tu, na kweli rangi zake zinapendeza mno. Mimi naona jambo gumu zaidi: mwanamke anayetakiwa afanane na mapambo ya nyumba, na bado anakukazia macho mpaka wewe ndiye unayeona haya.

* * *

Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi, Durban, mwaka 1972, hutengeneza taji kwa kitu chochote kilichopo chumbani. Katika picha iitwayo Bester I, aliyojipiga Mayotte mwaka 2015, nywele zake zimejaa vibanio vya kuanikia nguo, na vingine vinaning'inia masikioni kama hereni. Bester ni jina la mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwa familia moja kwa miaka 42. Ukishalijua hilo, vibanio vile huwezi tena kuviona kama kichekesho cha mitindo. Ni umri wa mtu.

Picha hiyo ni ya mfululizo wa Somnyama Ngonyama, wote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Wakati wa kuandaa picha, Muholi huongeza tofauti ya mwanga na giza mpaka ngozi inakuwa nyeusi kuliko ilivyo, na weupe wa macho unakuchoma. Nalitaja hilo kwa makusudi. Simu nyingi tunazonunua zina filta inayofuta weusi wa mtu kabla hata hajauomba ufutwe, na kuna picha za harusi zinazorudi zikiwa na bibi harusi ambaye shangazi zake hawamtambui. Kinyume chake kinawezekana kwa chombo kile kile, na matokeo yake ni heshima.

* * *

Lubumbashi wanazungumza Kiswahili, na wasanii wa kule walipoanzisha jumuiya yao waliiita Picha. Tangu mwaka 2008 imekuwa ikiandaa maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka miwili. Mmoja wa waanzilishi ni Sammy Baloji, aliyezaliwa huko mwaka 1978.

Kikwazo cha Baloji kilikuwa wakati. Mitambo ya shaba ya kampuni ya Gécamines, iliyorithiwa kutoka kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imekuwa magofu. Alipiga picha pana za magofu hayo, kwa rangi, lakini waliojenga utajiri ule hawakuwemo tena. Akaenda kwenye picha za kumbukumbu za kampuni, akawatoa wafanyakazi weusi na mabwana wa kikoloni kwenye mazingira yao ya zamani, akawasimamisha kwa kompyuta mbele ya kutu ya leo, wakiwa bado hawana rangi. Mfululizo huo wa mwaka 2006 unaitwa Mémoire. Hakuficha mshono, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Mwongo angewapaka rangi ili wafanane na mandhari. Yeye aliwaacha waonekane kuwa wametolewa mahali pengine, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: wengi waliletwa migodini kutoka mbali.

* * *

Mwisho, jambo la kujaribu nyumbani. Mtoto aliyelala mchana chini ya bati lenye tundu la msumari ameshaona mviringo wa jua ukitembea sakafuni. Mwanasayansi Ibn al-Haytham wa Basra alichunguza jambo hilo miaka elfu moja iliyopita. Tangu mwaka 1991 mpiga picha Abelardo Morell, mzaliwa wa Havana anayeishi Marekani, ameligeuza kuwa sanaa: huziba madirisha ya chumba kwa plastiki nyeusi, huacha tundu la kama sentimeta moja, na mji wa nje unaingia na kujichora ukutani juu chini, juu ya kitanda na mito. Enzi za filamu alikuwa akiacha kamera wazi kwa saa nane hivi ili kuunasa mwanga ule hafifu.

Chumba kinachotazama barabara yenye jua kali ndicho kizuri, na ukuta wa ndani uwe mweupe. Zibeni kila upenyo, hata wa chini ya mlango. Subirini macho yazoee giza kabla ya kusema hamwoni kitu. Daladala zitapita darini, magurudumu juu.