Vitamini D: shauri la Helsinki si lazima liwe shauri la Bukavu

Kila mwaka Noeli inapokaribia, ujumbe wa sauti unaanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya akina mama. Ndugu zetu walioko Kanada, Ufini, Norwe na Marekani wako ndani ya baridi, wanakohoa, na daktari amewaambia wanywe vitamini D. Basi wanatuma shauri nyumbani: nanyi nunueni, inazuia mafua na homa ya mapafu. Huku watu wanatafuta chupa hizo kwenye farmasi kwa pesa ambayo ingelisha watoto siku kadhaa. Tena wako wazazi kule ng'ambo wanaokataa matone ya mtoto mchanga, kwa sababu bibi wa huku amesema, "Sisi tulikuzwa na jua tu." Tunaona pande zote mbili zinakosea.

Vitamini hii ni tofauti na nyingine, maana sehemu kubwa yake haitoki katika chakula. Mionzi fulani ya jua ikigusa ngozi, mwili unaitengeneza wenyewe. Inatumika kujenga mifupa, na pia chembe za damu zinazopigana na vijidudu zinaihitaji. Sasa, Helsinki iko kwenye digrii 60 kaskazini. Karibu na Noeli mchana wake haufiki saa sita, na jua linakaa chini sana hata mionzi hiyo haifiki kwa nguvu ya kutosha. Kukaa nyuma ya dirisha hakusaidii, kioo kinaizuia. Na ngozi nyeusi, ambayo huku inatukinga na jua kali, kule inahitaji muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kile kile. Ongeza koti zito, kazi ya usiku na nyumba iliyofungwa.

Ndiyo sababu serikali ya Uingereza inashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na wenye asili ya Afrika mwaka mzima. Ufini inaongeza vitamini D katika maziwa tangu 2003. Kanada inashauri mtoto anayenyonya apewe matone kila siku, maana maziwa ya mama yana vitamini D kidogo. Dada yetu aliyejifungua kule mwezi wa kwanza asidhani wanamdharau. Bila matone hayo mtoto anaweza kupata matege, miguu ikapinda.

Lakini je, inazuia kikohozi? Hapa habari imebadilika, na wengi wanaotuma ujumbe hawajaisikia. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 25 yenye watu karibu 11,000, wakaona wanaotumia vitamini D walipata maambukizi ya njia ya pumzi kwa upungufu kidogo, hasa wale waliokuwa nayo chache sana mwilini. Habari ile ilienea sana wakati wa Covid. Kisha yakaja majaribio makubwa zaidi. Norwe waliwapa watu mafuta ya ini la samaki, Uingereza wakawapa vidonge. Matokeo ya 2022 hayakuonyesha kinga. Mwaka 2025 hesabu ilirudiwa kwa majaribio 46 yenye watu zaidi ya 60,000, na faida ikawa ndogo mno hata haikuweza kuthibitishwa. Kuhusu kifua kikuu, ambacho kinatutesa sisi zaidi, watoto 8,851 wa shule huko Mongolia, nchi ya baridi kali, walifuatiliwa miaka mitatu. Vitamini D haikuwazuia kuambukizwa.

Tusiitupe basi. Kwa mifupa inafaa, na anayeishi kwenye baridi afuate daktari wake. Ila asizidishe, kwa maana kiasi kikubwa kwa muda mrefu kinapandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo.

Huku kwetu tuko karibu na ikweta, jua tunalo miezi yote 12. Mtoto anayecheza nje na miguu na mikono wazi anapata vitamini yake bure. Samaki thomson wa friji anaongeza kidogo. Wa kuangaliwa ni wale wasiotoka nje: mgonjwa wa kitandani, mzee anayefungiwa chumbani, mtoto mchanga anayefunikwa wiki nyingi.

Kinachoua watoto wetu wakati wa mvua kina majina mengine: moshi wa kuni na makala ndani ya chumba kimoja, utapiamlo, chanjo iliyokosekana wakati wa kukimbia vita, watu kumi kulala mahali pa watatu. Na kuchelewa. Tumeona mama akimlaza mtoto mwenye homa ya mapafu kwenye jua la asubuhi siku tatu kabla ya kumpeleka kituo cha afya.

Hesabuni pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, apelekwe siku ile ile. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje hata kupambazuke kama njia ni salama. Pesa ya chupa ile ya vitamini, kama ipo, ilipe pikipiki.