LESENI YA MADINI HAIRITHIWI KAMA NG'OMBE

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, wazee wengi waliomaliza nguvu zao kwenye maduara ya dhahabu sasa wana watoto watu wazima. Toka Mwakitolyo hadi Nyarugusu swali ni moja: mzee akiondoka, leseni itakuwa ya nani? Swali hilo ni la haki. Kosa ni kulijibu kana kwamba leseni ni shamba au zizi la ng'ombe.

Madini yaliyomo ardhini ni mali ya Taifa. Mwananchi hupewa haki ya kuyachimba kwa muda tu. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka 7, na mwenye nayo hana budi kuomba ihuishwe. Ndani ya muda huo ipo ada ya kila mwaka, upo mrabaha, na upo wajibu wa kulinda maisha ya wachimbaji na mazingira. Basi mzazi amwachiaye mwanawe leseni humwachia haki na mzigo pamoja. Ada haingoji matanga yaishe. Ukoo unaogombana mahakamani miaka mingi waweza kushinda kesi na kukuta muda wa leseni umekwisha.

Historia ya Shinyanga yenyewe inafundisha. Dk. John Williamson, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alifariki Januari 1958 bila mke wala mtoto. Ndugu zake waliurithi mgodi, na mwaka huohuo ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni, nusu kwa nusu. Ikiwa mgodi mkubwa kiasi hicho ulibadili mikono upesi namna ile, itakuwaje kwa mchimbaji mdogo ambaye karatasi zake zimo sandukuni, na hakuna ajuaye zinasema nini?

Wajibu wa mzazi ni kuwaita watoto wote angali hai. Awaonyeshe tarehe ya mwisho wa leseni, stakabadhi za ada, madeni, na makubaliano yake na wenye maduara. Anayetaka kubaki mwalimu au mkulima asishurutishwe kubeba mzigo asioutaka. Wala mabinti wasisahauliwe. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliwapanga warithi kwa madaraja matatu, na mabinti wakawekwa la mwisho; lakini wapo akina mama wengi ambao jasho lao ndilo lililolipia ada hizo.

Njia iliyo bora ni ya umoja. Sheria inaruhusu leseni ishikwe na ubia au kampuni ya Watanzania watupu. Familia iliyojiunga hivyo mapema, na kusajili mabadiliko yake katika ofisi ya madini, haitatawanyika kwa kifo cha mtu mmoja. Pamoja na hayo, wosia uandikwe mbele ya mashahidi.

Maofisa madini na viongozi wa vyama vya wachimbaji wanapaswa kuyafikisha mafunzo haya machimboni, kwa lugha inayoeleweka. Dhahabu ya ardhini itakwisha siku moja. Mzee atakayewaachia watoto wake hesabu safi na mapatano atakuwa amewapa urithi usiohitaji kuhuishwa.