Pango Moja, Safari Nyingi

Mchezo wa video ambao mtu huvaa uhusika wa shujaa ni aina ya masimulizi, na masimulizi yote yastahili kupimwa kwa mizani ya sanaa. Katika mizani hiyo Dragon Age II, mchezo uliotolewa na studio ya BioWare ya Kanada mwezi wa Machi, 2011, ulipungua uzito.

Kisa chake kilikuwa kikubwa. Hawke, mkimbizi fukara, anaingia mji wa Kirkwall, na baada ya miaka kadhaa anakuwa bingwa wa mji huo. Kisa cha namna hii huahidi kwamba miaka itageuza watu na mahali pia. Lakini mchezaji atokapo mjini na kuingia mapangoni, ahadi huvunjika. Leo huambiwa kuwa pango ni maficho ya wahalifu, kesho kuwa ni tundu la buibui. Naye huona kona zile zile na ngazi zile zile, ila mlango huu umezibwa na ule umefunguliwa. Ramani iliyo pembeni mwa kioo haina haya: humwonyesha hata njia zilizozibwa.

Vita navyo havina afadhali. Mchezaji huwapanga watu wake wanne kwa busara, mwenye ngao mbele na mchawi nyuma. Maadui wakiisha kufa, kundi jingine huanguka kutoka juu, pengine mgongoni mwa mchawi yule yule aliyekingwa. Mpango mwema na mpango mbaya hupata malipo sawa. Mahali ambapo busara haina thawabu, vita huwa kazi ya vidole tu.

Watetezi husema kwamba muda ulikuwa mfupi. Ni kweli: Dragon Age: Origins ulitoka Novemba, 2009, na kati ya michezo hii miwili ilipita miezi 16 tu. Lakini haraka hueleza kosa, hailigeuzi kuwa sifa. Wala mnunuzi hakutozwa nusu ya bei kwa sababu ya nusu ya mapango.

Wengine husema kwamba kila sanaa hurudia. Hilo nalo ni kweli. Mshairi hurudia kibwagizo katika kila ubeti, lakini beti hubadilika, na kwa hiyo kibwagizo hurudi na maana mpya. Kama Hawke angalirudi pangoni baada ya miaka mitatu akakuta mifupa ya aliowaua na majivu ya mienge yake, marudio hayo yangalisifiwa. Hakukuta kitu. Upungufu haukuwa uchache wa mapango, bali mapango kutokumbuka.

Aibu ni kubwa zaidi kwa kuwa kisa chote husimuliwa na Varric, rafiki wa Hawke, mtu hodari wa kutia chumvi. Msimulizi wa namna hiyo hangethubutu kuwapa wasikilizaji wake pango lile lile usiku wa pili. Waliomtunga walimjua vyema, lakini hawakumwiga.