Mbele ya kutia sinyatire

Kijana mumoja wa kanisa letu hapa Kolwezi, jiwe lilimuponda vidole viwili kazini. Siku ya tatu mukubwa wake alikuja na bahasha ya feza na karatasi ya Kifaransa: apokee feza, asiulize kitu tena. Chini aandike tu « lu et approuvé », ni kusema nimesoma na nimekubali. Kusoma gani? Alikuwa na homa, na bibi yake alikuwa anawaza unga wa bukari.

Bibi huyo alitaka atie sinyatire. Sikumulaumu. Lakini nilimwambia kijana: angalia kwanza ni karatasi gani. Ile ya kujulisha ajali kwa CNSS (wazee wanaijua kwa jina la INSS; sheria ya sasa ni ya 2016), hiyo usikatae, na ukamate kopi. Feza ya ajali za kazi, kampani peke yake ndiyo inailipa kule, haikatwe kwa mushahara wako. Basi hauombi sadaka. Lakini hii ya « yote imekwisha », na munganga hajaandika bado mukono umepoteza nguvu kadiri gani, bei ya kidole utaijua namna gani? Uionyeshe kwanza kwa Inspection du Travail, ao kwa delege wa sindika.

Alikataa. Mukubwa akakasirika, akarudi na bahasha yake. Wiki mbili mama alikopa unga kwa majirani. Kanisa lilisaidia kidogo, kidogo sana. Karatasi ya munganga ilitoka juma tatu iliyopita.