Golf: mtoto anacheza Daudi vizuri, lakini anajua kusoma?

Siku ya Mungu, katika makanisa mengi ya Lubumbashi, kartye Golf pamoja, watoto wa ekodim wanasimama mbele ya wazazi. Mmoja anacheza Daudi, mwingine Goliati, wadogo wanakuwa kondoo. Wanasema maneno yote bila kukosa. Watu wanapiga makofi, telefone zinapiga video, na muzazi anarudi nyumbani akisema: wangu amekwisha kujua kusoma.

Tuangalie vizuri. Kushika maneno kwa kichwa ni kazi moja, kusoma ni kazi ingine. Na jambo hili ni kubwa: Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo yetu, watoto karibu 97 kwa 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Tangu Septemba 2019 masomo ya primeri katika shule za serkali ni ya bure, na madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo atamsikiliza kila mmoja saa ngapi? Ndiyo maana saa moja ya ekodim, na watoto wachache, ina bei.

Hadisi inasaidia wapi?

Mtoto anayejua hadisi ya Daudi hana kazi ya kutafuta maana. Akikuta neno «jiwe» kwenye karatasi, nguvu yake yote inaenda kwenye herufi. Tena mchezo unamfanya arudilie sentensi moja mara kumi bila kuchoka. Hata mwenye haya anapata sauti.

Lakini teatri peke yake haifundishi kusoma. Sisi wa Lubumbashi tunajua hiyo. Kundi la Mufwankolo lilichekesha mji muzima kwa Kiswahili, na mtaalamu Johannes Fabian, aliyefuata kazi yao mwaka 1986, alionyesha kwamba walitengeneza michezo kwa kusemezana na kurudilia, bila maandiko ya kushika mkononi. Hiyo ni akili kubwa ya mdomo na masikio. Kusoma kunaomba macho pia.

Luga gani?

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali luga za taifa ao za mahali kutumiwa shuleni. Lakini katika Golf, shule nyingi za kulipa zinaanza na Kifaransa siku ya kwanza, na kuko nyumba ambamo mtoto anasema Kifaransa na baba, Kiswahili na dada wa kazi. Kwa kuanza kusoma, Kiswahili ni chepesi: ji-we, ko-ndo-o, inasomwa vile inaandikwa. Kifaransa kinaweka herufi tatu, «eau», kwa sauti moja tu ya o. Mtoto akishika njia ya silabi katika Kiswahili, anaingia Kifaransa akijua kwamba herufi zinasema kitu.

Tufanye nini?

Kila mtoto apewe maneno yake kwenye karatasi kubwa, afuate na kidole wakati wa mazoezi. Daudi aliokota mawe matano: muulize «tano» iko wapi. Kisha badilisha. Andika «Daudi anakimbia kondoo» pahali pa «Daudi anachunga kondoo». Akicheka, amesoma. Akisema ileile ya zamani, anakumbuka tu. Funika picha pia, juu picha inamjibia.

Hadisi za Biblia zinafaa kwa jamaa za kanisa. Jirani Muislamu, ao mwenye hasali popote, anaweza kufanya vilevile na Kalulu na ujanja wake. Kazi ya herufi ni ileile.

Wazazi, muendelee kupiga makofi, watoto wanastahili. Ila siku hiyohiyo, mbele ya kulala, muchukue karatasi, muandike sentensi moja mpya juu ya Daudi, mumuachie mtoto aisome peke yake. Dakika tano zinatosha kujua ukweli.